Msimalizane Barabarani: Mwongozo wa Kudai Fidia Baada ya Ajali ya Gari

Ajali ikitokea kwenye barabara zetu, mara nyingi mazungumzo huanza kabla trafiki hajafika. Dereva aliyegonga anashuka na kuomba radhi, watu wanajaa, na mzee mmoja anajitokeza kusema yaishe. Aliyegongwa anajipapasa, anajiona hatoki damu, anapewa elfu hamsini ya dawa na nauli, anapanda bodaboda anaondoka. Usiku shingo inakaza. Siku ya tatu mkono unaanza kufa ganzi. Wiki ya pili daktari anamwambia pingili ya shingo imeumia na matibabu yatachukua miezi. Anapiga ile namba aliyoachiwa, haipatikani.

Mwongozo huu ni wako wewe uliyeumia, au unayemuuguza aliyeumia: mtembea kwa miguu, abiria wa daladala au basi, dereva wa bodaboda au bajaji, au dereva wa gari dogo uliyegongwa ukiwa upande wako. Unafuata sheria na taratibu za Tanzania Bara. Neno lake kubwa ni moja: usimalizane na mtu yeyote kabla hujajua umeumia kiasi gani, na tangu siku ya kwanza kusanya karatasi zitakazounganisha ajali ile na mwili wako.

Dakika za mwanzo

Uhai kwanza. Kama unaweza kusogea, toka barabarani, wawekeeni wenzenu wanaokuja pembetatu ya tahadhari au matawi, na mtu mmoja apige 112. Aliyeumia shingo au mgongo asivutwe wala kukalishwa kwa nguvu. Asogezwe tu kama kuna moto au hatari nyingine ya papo hapo, na hapo kichwa, shingo na kiwiliwili viende pamoja. Dereva wa bodaboda asivuliwe kofia ngumu kwa pupa. Jeraha linalovuja damu libanwe kwa kitambaa safi bila kuachia kila dakika kuangalia kama imekata.

Ukishapata nafuu, au kwa mkono wa ndugu aliyefika, piga picha magari yakiwa bado yapo yalipo. Piga namba za usajili za magari yote, na kama ni lori, namba ya tela pia, kwa sababu kichwa na tela huweza kuwa na wamiliki tofauti na bima tofauti. Piga alama za breki, vioo vilivyomwagika, kivuko cha waenda kwa miguu, kibao cha mwendo na stika ya bima kama imebandikwa kiooni. Andika jina la dereva, namba ya leseni yake, na jina la mmiliki kama halifanani na la dereva.

Kwa mashuhuda, usitosheke na abiria waliokuwa safarini, maana jioni kila mmoja ana njia yake. Mtafute muuza matunda wa pale kituoni, fundi wa baiskeli, mlinzi wa kituo cha mafuta. Hao utawakuta palepale mwezi ujao na mwaka ujao. Chukua majina na namba zao za simu. Kama kituo cha mafuta au duka lina kamera, waombe mapema waitunze picha ya saa ile na umweleze askari, kwa kuwa kamera nyingi hujifuta baada ya siku chache. Aliyekugonga akikimbia, hiyo kamera na huyo muuza matunda ndio matumaini yako makubwa.

Pole unaweza kumpa mwenzako, ni utu. Lakini usitamke kwamba kosa ni lako, wala usisaini karatasi yoyote ya makubaliano pale barabarani. Umeshtuka, moyo unakwenda mbio, na hukuona kila kilichotokea. Mwachie trafiki apime na achore.

Majeraha yanayojificha

Mwili uliopata mshtuko humwaga homoni zinazofunika maumivu kwa saa kadhaa. Ndiyo maana mtu huweza kutembea na mbavu iliyovunjika akidhani amechubuka tu. Nenda hospitali siku hiyohiyo hata kama unajiona mzima. Ukienda baada ya wiki tatu, daktari atakutibu, lakini upande wa pili utauliza: utathibitishaje kwamba hukuanguka nyumbani?

Rudi hospitali haraka, hata usiku, ukiona dalili hizi: kichwa kinachozidi kuuma, kutapika, usingizi usio wa kawaida, kuchanganyikiwa au kusahau. Damu huweza kuvuja taratibu ndani ya fuvu na kujionyesha baada ya siku, na kwa wazee hata wiki kadhaa. Maumivu ya tumbo yanayoongezeka, kizunguzungu unaposimama na ngozi kupauka huweza kumaanisha bandama au ini limepasuka. Ganzi au udhaifu wa mkono na mguu huashiria uti wa mgongo au neva. Mguu uliofungwa plasta ukavimba na kuuma kuliko siku ulipovunjika ni wa kurudishwa mara moja, kwa sababu damu huenda haipiti.

Mwambie daktari kila sehemu inayouma, hata ile unayoiona ndogo. Jeraha ambalo halikuandikwa kwenye faili siku ya kwanza ni gumu kulidai baadaye. Usisahau pia majeraha ya akili: kushtuka usingizini, kuogopa kupanda gari, kulia bila sababu. Nayo huandikwa, hutibiwa, na huweza kuingia kwenye madai.

PF3 na karatasi nyingine

PF3 ni fomu ya polisi inayokupeleka kwa daktari. Askari anajaza sehemu yake, daktari anaandika majeraha aliyoyaona na uzito wake, anasaini na kugonga muhuri. Haiuzwi. Mgonjwa aliye katika hali mbaya atibiwe kwanza. Ndugu akafuate fomu kituoni wakati matibabu yanaendelea.

Kabla fomu haijarudi polisi, isome neno kwa neno. Jina lako liwe kama lilivyo kwenye kitambulisho cha NIDA. Ukiandikwa Mwanahamisi kwenye PF3, Mwanahamis kwenye risiti za hospitali na Hamisi kwenye maelezo ya polisi, utatumwa kuapa viapo vya majina huku madai yamesimama. Angalia tarehe ya ajali, upande wa mwili ulioumia, na kama majeraha yote yametajwa. Toa nakala, zipige picha na kuzituma kwenye simu ya ndugu unayemwamini.

Fungua bahasha moja, na humo viwemo:

- nakala ya PF3 na namba ya jalada la polisi;
- maelezo yako polisi, mchoro wa ajali, ripoti ya ukaguzi wa magari na, upelelezi ukikamilika, taarifa ya mwisho ya polisi;
- kadi ya kliniki, picha za eksirei na majibu yake, muhtasari wa kuruhusiwa wodini;
- risiti zote: dawa, vipimo, magongo, nauli za kliniki;
- barua ya mwajiri inayoonyesha siku ulizokosa na mshahara uliokatwa, au ushahidi wa kipato chako kama umejiajiri;
- picha za majeraha, zikipigwa kila baada ya siku chache hadi yapone.

Weka pia daftari dogo. Kila siku andika mistari miwili: umelalaje, umeshindwa kufanya nini, nani amekuogesha, umetumia shilingi ngapi. Baada ya mwaka mmoja utakuwa umesahau kwamba kwa wiki sita hukuweza kufunga vifungo vya shati. Daftari halisahau.

Nani anawajibika, na bima ipi inahusika

Wengi husema ajali haina kinga, wakainamisha kichwa. Lakini ajali nyingi zina chanzo, na chanzo kina mwenyewe: aliyekuwa akiendesha kwa kasi, aliyeyapita magari mengine kwenye kona, aliyeliingiza barabarani basi lenye breki mbovu. Kisheria, anayewajibika kwanza ni dereva aliyefanya uzembe. Pamoja naye anawajibika mwajiri wake, ambaye mara nyingi ndiye mmiliki wa gari, kama dereva alikuwa kwenye kazi aliyotumwa. Kwa hiyo usimwache mmiliki wa daladala kwa kuwa tu hakuwepo.

Sheria ya Bima ya Vyombo vya Moto, Sura ya 169, inakataza gari kutembea barabarani bila bima ya kufidia watu wengine. Hii ndiyo watu huiita bima ndogo, au bima ya mtu wa tatu. Inamlinda aliyegongwa. Dereva mwenye makosa hailipi matibabu yake, wala haitengenezi gari lake. Mtembea kwa miguu, mwendesha baiskeli, dereva wa gari lililogongwa na abiria aliyelipa nauli wanaingia kwenye ulinzi huo. Ukiwa umepewa lifti kwenye gari binafsi, inategemea mkataba wa bima wa gari lile, hivyo omba uonyeshwe. Bima kubwa huongeza ulinzi wa gari lenyewe, na wakati mwingine wa dereva wake.

Kuijua bima ya gari lililokugonga si siri. Bima za magari husajiliwa kwenye mfumo wa Mamlaka ya Usimamizi wa Bima Tanzania, TIRA, na zinahakikiwa mtandaoni kwa namba ya usajili wa gari. Hakikisha mambo matatu: jina la kampuni, aina ya bima, na kwamba siku ya ajali bima ilikuwa hai. Piga picha ya ukurasa huo na uihifadhi.

Jambo moja linaweza kupunguza fidia yako: mchango wako mwenyewe katika ajali. Ukiwa umepanda bodaboda bila kofia, au umekatiza barabara pasipo kivuko usiku, mahakama inaweza kugawa lawama na kupunguza kiasi kwa sehemu yako. Kupunguza si kufuta. Usikubali kuambiwa huna chochote kwa sababu nawe ulikosea kidogo.

Kesi ya trafiki si kesi yako ya fidia

Dereva akishtakiwa kwa kuendesha kwa uzembe, akakiri na kulipa faini, faini ile inakwenda serikalini. Kwako hakuna kinachokuja. Watu wengi husubiri kesi ile iishe wakitegemea kuitwa walipwe, muda ukapita.

Hata hivyo, kesi ile ifuatilie kwa makini. Hukumu ya kumtia dereva hatiani ni ushahidi mzito sana unapodai fidia, kwa sababu upande wa pili hauwezi tena kubisha kirahisi kwamba hakuwa na kosa. Omba mahakamani nakala zilizothibitishwa za mwenendo wa kesi na hukumu, uziweke kwenye bahasha yako. Ukiombwa na ndugu wa dereva kwamba "usiende kutoa ushahidi, tutakutunza", fahamu kwamba ukikaa nyumbani unabomoa madai yako mwenyewe.

Kuhesabu hasara

Fidia ina mafungu mawili makubwa. La kwanza ni hasara zinazohesabika: fedha zilizotoka na kipato kilichopotea. Mahakama zetu zina msimamo mkali hapa: hasara hizi lazima zitajwe moja moja na kuthibitishwa moja moja. Ukisema tu umetumia kama milioni tatu, bila risiti, unaweza kutoka mikono mitupu. La pili ni fidia ya jumla: maumivu, ulemavu, makovu, kushindwa kufanya uliyokuwa ukiyafanya. Hii hakimu huikadiria kwa kuangalia uzito wa jeraha na ripoti ya daktari.

Chukulia mama lishe aliyevunjika mguu na kukaa nyumbani wiki 16. Alikuwa akibaki na faida ya shilingi 20,000 kwa siku, siku sita kwa wiki. Kipato alichopoteza ni 20,000 mara 6 mara 16, yaani shilingi 1,920,000. Hospitali amelipa 1,450,000. Amekwenda kliniki mara kumi kwa bajaji, 8,000 kwenda na kurudi, jumla 80,000. Amemlipa binti wa kumsaidia kazi za nyumbani 100,000 kwa mwezi kwa miezi minne, jumla 400,000. Hasara zake zinazohesabika ni shilingi 3,850,000, na bado hajagusa maumivu, wala mguu ambao huenda ukabaki mfupi.

Je, mama lishe athibitishe vipi faida yake naye hana hati ya mshahara? Kwa daftari la mauzo na manunuzi, taarifa ya miamala ya simu, risiti za mchele na mkaa, kitambulisho cha mjasiriamali, na maneno ya wanaomuuzia bidhaa na wanaokula kwake. Kwa nauli ya bodaboda na bajaji isiyo na risiti, mwombe dereva akuandikie tarehe, safari, kiasi, jina na namba ya simu, kisha asaini. Fanya hivyo siku ileile.

Barua ya kwanza kwa kampuni ya bima

Usisubiri upone ndipo uwaarifu. Toa taarifa mapema kwa maandishi, kiasi utakitaja baadaye. Barua iwe fupi kama hii:

*Meneja wa Madai,*
*(Jina na anwani ya kampuni ya bima).*

*YAH: TAARIFA YA AJALI NA KUSUDIO LA KUDAI FIDIA*

*Husika na kichwa cha habari hapo juu. Mimi (jina kamili) niligongwa na gari lenye namba za usajili (…) tarehe (…) saa (…) eneo la (…). Gari hilo lilikuwa na bima ya kampuni yako siku hiyo. Ajali imeripotiwa kituo cha polisi (…), jalada namba (…). Nimepata majeraha na bado naendelea na matibabu katika hospitali ya (…).*

*Kwa barua hii nakujulisha kwamba nakusudia kudai fidia. Kiasi cha madai nitakiwasilisha matibabu yatakapokamilika. Naomba unijulishe kwa maandishi nyaraka unazohitaji. Naambatisha nakala ya PF3.*

Peleka nakala mbili. Moja igongwe muhuri wa kupokelewa na tarehe, uondoke nayo. Mpe nakala mmiliki wa gari pia. Tangu hapo, kila unachokabidhi kiwe nakala, na asilia ibaki kwako. Wakikupigia simu, pokea kwa heshima, kisha omba walichosema wakiandike kwa ujumbe au barua. Wakisema madai "yanashughulikiwa", uliza jina la anayeyashughulikia na tarehe ya kurudi.

Karatasi ya mwisho ndiyo ya kuogopa

Siku moja utaletewa hati ya kukubali malipo. Isome ukiwa nyumbani. Mara nyingi utakuta maneno ya aina hii: nimepokea shilingi kadhaa kama malipo kamili na ya mwisho, na sitakuwa na madai mengine yoyote kutokana na ajali hii, yanayojulikana sasa au yatakayojulikana baadaye.

Mstari huo unafunga mlango. Ukisaini leo, kisha baada ya miezi sita daktari akaona chuma kilichowekwa mguuni kinahitaji kutolewa na mfupa kuungwa upya, gharama hiyo itakuwa yako. Kwa hiyo usisaini mpaka mambo matatu yatimie: daktari amesema umepona kadiri ya kupona, umepata ripoti ya mwisho inayotaja ulemavu wa kudumu kwa asilimia kama upo, pamoja na matibabu yatakayohitajika mbele, na umejumlisha hasara zako zote kwenye karatasi moja. Kwa majeraha ya mifupa na neva, ripoti ya daktari bingwa, kama wale wa Taasisi ya Mifupa Muhimbili, KCMC Moshi au Bugando Mwanza, ina uzito mkubwa.

Kama njaa imekukaba na unahitaji fedha za matibabu sasa, omba malipo ya awali. Hati yake iandikwe wazi kwamba ni sehemu ya malipo na kwamba madai mengine yanabaki. Ukilipwa na mmiliki wa gari mwenyewe, andikishianeni vivyo hivyo. Ukipewa kiasi ambacho hukielewi, uliza kimefikiwaje: kipato wamehesabu vipi, ulemavu wameuweka asilimia ngapi, risiti zipi wamezikataa na kwa nini.

Ukikwama

Kampuni ikinyamaza, ikikataa bila sababu au ikikupa kiasi kisicholingana na jeraha, lalamika kwanza kwa uongozi wake kwa maandishi. Usiporidhika, peleka malalamiko TIRA, yenye ofisi za kanda, au kwa Msuluhishi wa Migogoro ya Bima, ofisi iliyoanzishwa chini ya Sheria ya Bima ya 2009 ili mwananchi asilazimike kukimbilia mahakamani. Hapo ile bahasha yako itafanya kazi.

Mahakamani, unawashtaki dereva na mmiliki, katika Mahakama ya Wilaya au ya Hakimu Mkazi kwa madai ya kawaida. Ukishinda, kifungu cha 10 cha Sura ya 169 kinaibana kampuni ya bima kulipa hukumu iliyotolewa dhidi ya mteja wake kwa madhara yanayopaswa kukatiwa bima. Ndiyo sababu kampuni ijulishwe kwa maandishi kabla hujafungua kesi, isije ikasema haikujua.

Chunga muda. Chini ya Sheria ya Ukomo wa Muda, Sura ya 89, madai ya madhara ya uzembe hufunguliwa ndani ya miaka mitatu tangu ajali. Mazungumzo na bima hayasimamishi saa hiyo. Ukifika mwaka wa pili bado mnaandikiana barua, nenda kwa wakili.

Hakikisha kwamba anayejiita wakili ni wakili kweli: jina lake litafutwe kwenye mfumo wa e-Wakili wa Mahakama. Kwenye wodi na milango ya vituo vya polisi huzunguka vishoka wanaosainisha wagonjwa hati za uwakilishi, wanachukua fedha bima ikilipa, mgonjwa anaachiwa nauli. Usimkabidhi mtu nyaraka asilia, na malipo yaingie kwenye akaunti yenye jina lako. Kama huna uwezo, Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 inatambua watoa msaada waliosajiliwa. Anzia kwa ofisa ustawi wa jamii wa halmashauri, Chama cha Mawakili Tanganyika, Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu au Chama cha Wanasheria Wanawake Tanzania, TAWLA.

Hali zenye njia yake

*Uliumia ukiwa kazini.* Dereva wa kampuni, utingo, au mfanyakazi aliyetumwa na mwajiri ana haki kwenye Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF, bila kulazimika kuthibitisha nani alikosea. Mwambie mwajiri mara moja, kwa maandishi, kwa sababu naye anapaswa kuujulisha mfuko ndani ya siku saba.

*Gari ni la Serikali.* Namba zinazoanza na STK, SM, SU au PT zikuamshe. Kabla ya kuishtaki Serikali sheria inataka notisi ya siku 90, na Mwanasheria Mkuu huunganishwa kwenye kesi. Tafuta wakili mapema, maana kesi haifunguliwi mpaka siku hizo 90 zipite.

*Lori limetoka nchi jirani.* Kwenye barabara kama ya Dar es Salaam hadi Tunduma hupita malori ya Zambia na Kongo. Omba trafiki aandike namba ya Kadi ya Njano ya COMESA ya lori hilo kabla halijaruhusiwa kuondoka. Kadi hiyo ndiyo bima yake ikiwa nje ya nchi yake, na madai unayafuatilia hapahapa.

*Aliyegongwa amefariki.* Sheria inawapa mke, mume, watoto na wazazi waliomtegemea haki ya kudai. Familia ikae mapema, iteue msimamizi wa mirathi na kupata barua zake mahakamani, itunze cheti cha kifo na ripoti ya uchunguzi wa mwili. Rambirambi kutoka kwa mmiliki wa gari zipokeeni kama rambirambi. Msisaini kwamba ni fidia.

Kama ajali yako ni ya zamani

Huenda unasoma haya mwezi wa nane tangu ugongwe, na ulishapokea ile elfu hamsini. Kama hukusaini kwamba ni malipo ya mwisho, na miaka mitatu haijapita, bado una nafasi. Kesho nenda hospitali ulikotibiwa uombe nakala ya faili lako. Kutoka hapo nenda kituo cha polisi kilichopima ajali, ukiwa na tarehe, eneo na namba ya gari, uulizie jalada. Hakiki bima ya gari kwa tarehe ile ya ajali. Kisha andika barua ya kwanza.

Wapo watakaokuambia kudai ni tamaa, na kwamba yaliyopita si ndwele. Lakini gari lile lilikatiwa bima kwa amri ya sheria ili mtu aliyegongwa asibaki na mzigo peke yake, na fedha ya bima hiyo ilikusanywa kwa ajili ya siku kama ile iliyokukuta. Aliyekugonga msamehe kwa moyo wako wote. Barua yako ya madai ipeleke vilevile.